Ndege Iliyopiga kwa Sisi

Baba yangu hawezi kusikia Kiswahili kibovu akanyamaza. Ni ugonjwa. Alifundisha Kiswahili shule za msingi kule Ukambani kwa miaka thelathini na kitu, akastaafu, Mama akatutoka, moyo wake ukaanza kuchoka, nikamleta huku Birmingham akae nami Kingstanding. Lakini chaki hakuiacha Kenya. Jumapili yake ya kwanza kanisani, Mkongomani mmoja alitupokea mlangoni kwa mikono miwili: "Karibu papa, batu beko ndani." Mimi nilisikia ukarimu. Baba alisikia makosa mawili. Akasimama palepale mlangoni, watu wamejipanga nyuma yetu na baridi inatukata masikio, akamweleza yule bwana kwamba ni "watu wako ndani." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani tuko watatu: Baba, mimi, na binti yangu wa miaka kumi na tisa aliyezaliwa hapahapa. Binti anamwita Guka, yaani babu, neno aliloliokota kwa watoto wa Kikuyu kanisani, na sisi si Wakikuyu hata wa kusingiziwa. Baba alikataa, akakemea, mwishowe akaitika. Kiswahili cha mtoto huyu ni cha kuokoteza. Anaelewa kila kitu, anajibu kwa Kiingereza, na ukimbana sana anasema, "Guka, mimi nakwenda kwa duka. Wewe nataka nini?"

"Dukani!" Baba hushika kichwa. "Naenda dukani. Wewe unataka. U-na-ta-ka!"

"Si ndiyo nimesema?" binti hujibu, na kuondoka, na kurudi na mkate aliotumwa. Wanapendana hao wawili kuliko wanavyonipenda mimi, na sioni haya kusema kwamba wakati mwingine iliniuma.

Habari za ndege zilianzia Northfield, siku tuliyokwenda kumtafutia Baba viatu vya baridi. Kwenye dirisha la duka la mitumba kulikuwa na tangazo lenye picha. Baba akasimama ghafla hata nikadhani ni moyo. Nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu, akaweka kidole juu ya kioo. "Bofaita," alisema. "Mama, hiyo ni Bofaita." Baba huniita Mama akifurahi sana au akiogopa sana.

Ilikuwa Beaufighter kweli, ndege nzito ya kivita ya vita vile vya pili vya dunia. Tangazo lilisema wapo watu wa kujitolea wanaokarabati kipande cha mbele cha ndege hiyo katika banda moja si mbali na pale, na kwamba wageni wanakaribishwa Jumamosi asubuhi. Viatu tulivisahau.

Hadithi ya Bofaita niliinyonya na maziwa. Babu, yaani baba yake Baba, alichukuliwa na jeshi la Mwingereza pamoja na ndugu yake mdogo, wakapelekwa Bama, Burma ya kwenye ramani, kupigana na Mjapani. Huko, katika bonde la matope na mvua isiyokatika, Wajapani wakawazingira. Ndugu yake Babu akauawa. Babu naye akawa anangoja zamu yake. Ndipo ilipotokea ndege nzito yenye injini mbili, inaruka chini juu ya miti, ikawapigia. Wajapani wakaisha. Babu akarudi nyumbani, akaoa, akamzaa Baba, akampa jina la yule ndugu aliyebaki Bama.

"Kwa hiyo bila Bofaita mimi sipo," Baba alikuwa akituambia tukiwa wadogo, "na nyinyi hampo, na huo ugali mnaogombania haupo."

Neno alilolitumia lilikuwa hilohilo kila mara: ikawapigia. Alilifanya hata mfano wa darasani wa kauli ya kutendea. Kumpiga mtu na kumpigia mtu, alisema, ni mbingu na ardhi. Ndege iliwapiga Wajapani, ikampigia baba yangu. Mimi mwenyewe nilikaa darasani kwake nikaandika sentensi hiyo, na nikapata alama yangu.

Basi Jumamosi ikawa siku yake. Nilikuwa nikimpeleka kwa gari saa nne asubuhi, nikitoka zamu ya usiku hospitali kule Harborne, macho mekundu kama nyanya, naye yuko mlangoni tayari, amevaa tai. Tai, ya kwenda kukwangua kutu! Aliyempokea bandani alikuwa Mwingereza wa makamo yake, mzee aliyefanya kazi maisha yake yote kama fundi wa mitambo katika kiwanda cha magari. Nitamwita Fundi. Mama yake alikuwa msichana wakati wa vita, kazi yake ikiwa kufunga ribiti, vile vipini vya kuunganisha mabati, kwenye vipande vya ndege, na Fundi alikuwa akigusa ribiti zile kana kwamba atakuta joto la vidole vya mama yake.

Huyu ndiye aliyemfundisha Baba kila kitu, na Baba akaja kutufundisha sisi mezani. Kwamba ndege ile iliitwa nzito kwa sababu ilibeba kila kitu: mizinga minne chini ya pua, bunduki za rashasha kwenye mabawa, mafuta ya kwenda mbali, na watu wawili, rubani mbele na mwenzake nyuma. Kwa sababu ya uzito huo haikuweza kupinda angani na ndege nyepesi za adui, kwa hiyo ilipewa kazi nyingine. Kwanza ilifanywa mwindaji wa gizani. Ilifungwa rada, ikawa inatafuta ndege za mabomu usiku bila kuziona. Baadaye ikapelekwa baharini kuvizia meli, mara na topido, kombora la kwenda majini, mara na roketi nane chini ya mabawa. Na huko Bama ikawa inashuka karibu na ardhi na kupiga magari moshi, malori, mashua za mtoni, na kila kinachotembea.

"Hamali," Baba alisema. "Ukiipa mzigo huu inabeba, ukiipa ule inabeba."

Alipenda zaidi habari ya sauti yake. Fundi alimweleza kwamba injini zake zilikuwa na mngurumo mdogo kwa mbele, na kwa kuwa ilikuja chini sana, aliyekuwa ardhini aliisikia ikiwa imeshamfikia. Baba akapiga goti lake kwa furaha. "Babu yenu alisema hivyohivyo! Hapana sauti!" Sijawahi kumwona na furaha ile tangu Mama atutoke.

Kipande kile kilipokaribia kukamilika, Fundi akaniita pembeni. Walikuwa wanapanga siku ya kukionyesha kwa watu, na walitaka Baba aseme machache. Tena Baba amemwambia kuna kanda. Babu aliwahi kurekodiwa?

Aliwahi. Baba alipopata ajira yake ya kwanza alinunua redio ya kaseti, akamkalisha baba yake uani, akamrekodi habari za Bama. Redio ikaibwa baadaye, kanda ikabaki ndani ya mkebe wa majani ya chai, ikahama naye nyumba hadi nyumba, ikapanda ndege, ikaja Kingstanding. Hakuwahi kuisikiliza tena. Ya nini, na hadithi anayo kichwani? Fundi akaichukua, akaisafisha kwenye kompyuta yake, akanitumia sauti kwa simu. Akaniomba niitafsiri kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani watu wasome huku wakimsikia mzee.

Ilikuwa Jumanne, mchana, siku yangu ya kupumzika. Baba alikuwa amelala juu. Maharagwe yalikuwa jikoni yanatokota, nami nikaketi mezani na kalamu, nimefurahi. Sikuwahi kumsikia Babu. Alikufa nikiwa wa kubebwa mgongoni.

Sauti yake ilikuwa ya Baba hasa, ila nzito kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kile askari wa makabila yote walifundishana kambini, ambacho jana ni na-, leo ni na-, kesho ni na-. Kilinichekesha. Alisema jinsi walivyopewa buti zisizowatosha. Alisema mvua. Kisha akasema hivi, na nayaandika kama yalivyo:

"Bofaita nakuja chini, chini kabisa. Hapana sauti. Sisi nasema, hii yetu. Natoa kofia, napunga. Halafu napiga kwa sisi."

"Ilitupigia, Baba." Hiyo ilikuwa sauti ya kijana, safi, yenye haraka. Ilinichukua nukta kadhaa kuelewa kwamba ni Baba.

Kuku wakasikika.

"Namna gani?" Babu akauliza.

"Ilitupigia. Ikipiga kwa ajili yenu, mnasema ilitupigia."

"Napiga kwa sisi," Babu akarudia polepole. "Nazunguka, narudi, napiga tena."

"Ndiyo. Ikarudi, ikatupigia tena."

"Ndugu yangu napunga. Yeye ndiyo napunga."

"Huyo alikuwa ameshakufa, Baba. Twende kwa mpangilio. Tuanze mwanzo."

Babu akakohoa. "Haya," akasema. "Wewe nasoma. Andika wewe." Kanda ikakatika.

Nilisikiliza mara ya pili. Mara ya tatu. Nilitaka sana iwe vile Baba alivyosema. Kwa sisi, kwa ajili yetu, kwa nini isiwe? Nilijibishana na simu kama kichaa. Binti yangu akaingia kutafuta kitu cha kula, kama kawaida yake. Nikamwambia simama hapo, sikiliza, huyu mzee amesema nini? Sikumwambia ni nani wala ni habari ya nini.

Alisikiliza huku akipaka siagi kwenye mkate. Akajibu kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa, kwamba ndege iliwapiga risasi.

"Sema kwa Kiswahili."

"Ndege napiga sisi. Kwa sisi." Akanitazama kana kwamba nimeuliza moja na moja ni ngapi. "Yeye naongea vizuri, Mum. Naelewa yote." Halafu kisu kikasimama juu ya mkate. Alikuwa ameitambua sauti ya pili. "Hiyo ni Guka? Kwa nini yeye nakataza mzee?"

Ya Rabi. Nyumba nzima ya watu waliosoma, na aliyemwelewa Babu ni mtoto asiyejua kunyambua kitenzi. Kiswahili cha Babu kilikuwa Kiswahili chake. Hakuwa na kutendea ya kujifichia, na Babu pia hakuwa nayo. Ndege haikuwapigia. Iliwapiga, wakiwa wamevua kofia wanaipungia, na aliyekuwa mbele akipunga ni yule ambaye jina lake amelibeba Baba.

Maharagwe yakaungua.

Siku zile nilikuwa na hasira ambazo sijui nizielezeje. Nilimkasirikia Baba kwa ujuaji wake. Nilimkasirikia Fundi na uungwana wake wote, na kompyuta yake iliyosafisha kanda mpaka kikohozi kikasikika. Nilimkasirikia hata Babu. Kwa nini asingepiga meza aseme, nyamaza wewe mtoto, nimekwambia ilituua? Kazini nilimfokea mwenzangu kwa sababu ya kikombe. Kikombe!

Maana Jumamosi ya maonyesho ilikuwa inakuja, na hotuba ya Baba ilikuwa tayari. Aliiandika kwa mkono, ukurasa mmoja, akaikariri. Alikuwa akiipitia bafuni kila asubuhi kwa sauti ya gwaride, tukiisikia mpaka sebuleni: ninasimama mbele ya ndege hii kuishukuru, kwa niaba ya marehemu baba yangu, na kwa niaba ya marehemu baba yangu mdogo ambaye jina lake ninalo. Je, nimwache asimame mbele ya watu akishukuru kitu kilichomuua mtu huyo? Au nimwambie, na moyo wake ule ambao daktari ameniambia nisiuchezee?

Niliandika tafsiri ya uongo. Ndiyo, niliandika. Kwa Kiingereza ilikaa vizuri sana, ndege ikapigana kwa ajili yao, sentensi nzuri kabisa. Nikaifuta. Nikaiandika tena. Binti akaiona mezani.

"Utaacha yeye nasema asante kwa hiyo kitu?" alisema. Alijitahidi aseme kwa Kiswahili, na nilijua akijitahidi hivyo ana uchungu. "Mbele ya watu?"

"Ana moyo mbovu," nikasema.

"Masikio iko sawa," akajibu, akatoka.

Alhamisi Baba akaniletea hotuba niikague. Yeye! Kunipa mimi nimkague! Aliketi mkabala nami mezani, miwani puani, amekunja mikono kama mtahiniwa. Nikasoma mpaka pale kwa baba mdogo, nikashindwa kuendelea.

"Baba, usiisome hii."

"Kuna kosa?"

"Lipo."

"La sarufi?" Aliinuka nusu kitini. Alishtuka kweli, maskini.

"La sarufi, Baba. Moja." Na kwa kuwa sina ulimi wa kupamba mambo, nikaweka simu katikati ya meza, nikabonyeza.

Aliposikia sauti ya baba yake alicheka kwanza. Akavua miwani, machozi yakamtoka, akaendelea kucheka. Kwa habari ya buti aliitikia kabisa, "Ee! Ee!" kana kwamba mzee yuko chumbani. Tulipofika kwenye ndege nikaona kidole chake kinainuka. Midomo yake ikaenda pamoja na ile sauti ya kijana: ilitupigia, Baba. Baada ya miaka yote hiyo bado alikuwa anamsahihisha.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Mara hii kidole kiliinuka, kikabaki hewani.

"Rudisha."

Mara ya tatu midomo haikucheza. Kanda ikakatika. Nilikuwa nimeshika mkono wake, vidole vyangu kwenye mshipa, nikihesabu kama ninavyofanya kwa wagonjwa, na nikaona aibu kwa kumhesabu baba yangu.

"Amesema mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili."

"Na mimi nikamsahihisha kila mara."

"Hukujua, Baba. Ulikuwa kijana."

"Nilikuwa mwalimu." Akaichukua miwani, akaishika tu. "Aliishi miaka kumi na minne baada ya siku ile. Hakutaja tena Bama. Hata siku moja. Mimi nilidhani ameridhika kwamba imeandikwa vizuri."

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali ilinijia mdomoni nikaimeza. Si wakati wake. Nilimwambia nitampigia Fundi simu, niseme anaumwa, kwa kweli si uongo, tusiende kabisa. Akatikisa kichwa.

"Tafsiri yako iko wapi?"

"Sijaimaliza."

"Usiimalize wewe. Wewe nilikufundisha mimi." Aliita juu kwenye ngazi, akamwita binti yangu, na binti akashuka mbio kwa jinsi alivyoitwa. "Keti," Baba akamwambia. "Sikiliza huyu mzee, uandike Kiingereza chake. Asemavyo. Usimnyooshe."

Wakaketi wawili. Mimi nilikwenda kusimama bustanini bila koti. Niliporudi karatasi ilikuwa imejaa mwandiko wa binti, na Baba alikuwa amelala kwenye kiti, amechoka kama aliyelima. Pale mahali pa ndege binti aliandika maneno machache sana, kwa Kiingereza cha kawaida: tuliipungia, ikatupiga. Chini yake aliandika na yale ya kijana pia, yote, sahihisho moja baada ya jingine.

Nikamtumia Fundi. Ijumaa mchana akabisha hodi mlangoni kwetu, kofia mkononi. Hakuwahi kuja Kingstanding. Alikuwa amebeba keki ya dukani na hakujua aiweke wapi, nikampokea. Aliketi, akaanza kumweleza Baba, kwa kigugumizi: kwamba kwa mwendo wa ndege ile, chini vile, mawingu yamefunga bonde, rubani alikuwa na nukta chache tu za kumtofautisha mtu na mtu. Kwamba yale yalitokea vitani zaidi ya inavyosemwa. Kwamba mama yake, laiti angejua...

Baba akamzuia kwa kiganja. "Mama yako alifunga ribiti," alimwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Alizifunga vizuri. Mimi siulizi kwa nini ilitupiga."

Fundi akauliza kama waiache kanda. Waonyeshe ndege tu, waseme habari za mitambo, basi, hakuna atakayejua.

"Ipigwe," Baba akasema. "Yote."

"Hata ile sauti ya pili? Naweza kuikata. Ni rahisi."

"Hiyo hasa usiikate."

Fundi akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Nikamkatia keki.

Jumamosi Baba alivaa tai ileile, lakini karatasi ya hotuba niliikuta kitandani kwake, imekunjwa mara nne. Tulifika mapema. Pua ya ndege ilikuwa juu ya vyuma, imepakwa rangi ya kijani na kahawia, mpya hata inanuka. Mashimo manne ya mizinga yalikuwa chini ya tumbo, usawa wa kifua cha Baba. Siku zote alikuwa akiyapapasa akifika, kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. Siku hiyo alipita, akaenda kuketi mstari wa mbele. Binti akaketi kulia kwake, mimi kushoto, mkoba wa dawa mapajani.

Watu walikuwa thelathini hivi, wazee wengi, wachache na wajukuu. Fundi alieleza kazi za ndege ile, ya gizani, ya baharini, ya nchi kavu, na sauti yake haikuwa na ile furaha ya Jumamosi nyingine. Kisha akasema kwamba kuna jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua mpaka wiki hii. Akawaomba wasome karatasi ukutani huku wakisikiliza. Akabonyeza.

Sauti ya Babu ikajaa banda lote. Mabati yakaitikia. Buti. Mvua. Watu wakasoma, vichwa vikainama kidogokidogo mstari kwa mstari, na ningeweza kusema ni nani amefika wapi kwa kutazama shingo zao. Bofaita nakuja chini, chini kabisa. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesoma mbele akaweka mkono mdomoni. Natoa kofia, napunga. Halafu napiga kwa sisi.

"Ilitupigia, Baba," akasema yule kijana.

Baba alisimama. Sikumwona akisimama, nilisikia kiti kikianguka. Aliinua mkono mbele ya spika, mkono ule wa darasani, na akapaza sauti ambayo sikuisikia tangu niwe mtoto.

"Nyamaza, wewe! Mwache mzee aseme!"

Watu wote wakageuka. Hawakuelewa neno. Fundi alinyoosha kidole kuzima, nami nikatikisa kichwa, asizime. Binti yangu alikuwa analia bila kujificha, amemshika Guka wake koti kwa nyuma asianguke.

"Mwache aseme," Baba akarudia, chini zaidi, sasa akimwomba.

Lakini yule kijana hakunyamaza. Aliendelea kumfundisha baba yake.